Lady Flora Hastings: tumbo la mgonjwa na uvumi wa ikulu

Kisa hiki bado kinasimuliwa kama habari ya mapenzi ya siri katika jumba la Buckingham. Mimi nakiona kama kisa cha mgonjwa aliyehukumiwa kabla ya kutibiwa.

Dhana: Alipata mimba nje ya ndoa.

Ukweli: Hakuwa na mimba. Lady Flora, binti wa Marquess wa Hastings, alimtumikia Duchess wa Kent, mama yake Malkia Victoria. Januari 1839, akiwa na miaka 32, alirudi London kutoka Scotland akiwa na maumivu na tumbo lililoanza kufura. Njiani alikuwa amepanda gari moja la farasi na Sir John Conroy, msimamizi wa nyumba ya Duchess. Watu wakajumlisha mambo hayo mawili. Sir James Clark, daktari wa ikulu, alimpa dawa huku moyoni akishuku ujauzito. Flora alipofariki, uchunguzi wa maiti ulikuta ini lililokua kupita kiasi. Kizazi hakikuwa na kasoro wala dalili yoyote ya mimba.

Dhana: Yalikuwa maneno ya wajakazi tu, Malkia hakuhusika.

Ukweli: Tarehe 2 Februari Victoria aliandika kwa mkono wake katika shajara kwamba hana shaka mwanamke yule ni mjamzito, na akamtaja Conroy kuwa ndiye mhusika. Huyu ndiye Victoria ambaye mpelelezi Mwingereza Speke alilipatia ziwa letu jina lake mwaka 1858, ila alipoandika shajara hiyo mwaka 1839 alikuwa msichana wa miaka 19. Alimchukia Conroy tangu utotoni, kwa jinsi alivyomtawala yeye na mama yake, na Flora alihesabiwa kuwa wa upande wa Conroy. Chuki hiyo ilikuwepo kabla tumbo halijavimba.

Dhana: Alipopimwa, mambo yakaisha.

Ukweli: Tarehe 17 Februari alikubali kupimwa na Clark pamoja na daktari mwingine, Sir Charles Clarke, jambo la fedheha kubwa kwa mwanamke ambaye hajaolewa. Cheti kilisema hakuna sababu ya kushuku kwamba ana mimba au aliwahi kuwa nayo. Malkia akamwomba radhi. Lakini pembeni Clarke alidokeza kwamba hata bikira huenda akabeba mimba, na Victoria akayashika maneno hayo. Hapa ndipo ninapoumia zaidi: ukweli ulishaandikwa na kutiwa saini, na bado haukutosha.

Dhana: Flora alinyamaza hadi kufa.

Ukweli: Alimwandikia mjomba wake, Hamilton Fitzgerald, akamweleza yote, na mwezi Machi habari ikachapishwa katika gazeti la The Examiner. Uingereza ikachemka. Kwenye mbio za farasi za Ascot, Malkia alizomewa hadharani.

Dhana: Daktari alifukuzwa.

Ukweli: Clark alibaki. Mwaka 1861 alikuwa miongoni mwa madaktari waliomtibu Prince Albert, mume wa Malkia, katika ugonjwa uliomuua.

Dhana: Mwishoni Malkia aliuona ukweli kwa macho yake.

Ukweli: Alimtembelea Flora kitandani tarehe 27 Juni. Usiku huo aliandika kwamba amekonda kama mifupa mitupu, lakini tumbo limevimba kama la mwanamke mwenye mimba. Siku nane baadaye, 5 Julai, Flora alifariki humo humo ikulu, akiwa na miaka 33.