Je, wajua hifadhidata inajuaje jedwali lina faharasa zipi?

Faharasa ni orodha ya pembeni inayoisaidia hifadhidata kupata data haraka bila kupekua jedwali zima. Ukitaka kujua jedwali la wateja lina faharasa zipi, huna haja ya kumtafuta aliyelitengeneza. Iulize hifadhidata yenyewe. Habari zake huziweka pale pale inapoweka data zako, yaani ndani ya majedwali, na majedwali hayo ndiyo katalogi ya mfumo. Kila ukiandika CREATE INDEX, amri ya kuunda faharasa, humo huandikwa jina la faharasa, jedwali lake, safu wima zake kwa mpangilio, na kama inakataza thamani kujirudia.

Haikutokea tu. Edgar Codd, aliyebuni modeli ya kirelesheni (ya kupanga data katika majedwali) mwaka 1970, alipotoa kanuni zake mwaka 1985 alitaka katalogi isomwe kwa lugha ile ile ya kusomea data. Basi kwenye PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, unaandika:

SELECT indexname, indexdef FROM pg_indexes WHERE tablename = 'wateja';

Utapata majina, na kando ya kila jina amri nzima ya kuiunda faharasa hiyo. Usishangae kukuta wateja_pkey usiyokumbuka kuiunda: ukiweka ufunguo msingi (safu wima inayotambulisha kila safu ya jedwali), faharasa yake hutengenezwa papo hapo.

Kinachoudhi ni kwamba ukihamia programu nyingine ya hifadhidata, swali hilo halifanyi kazi. MySQL inataka SHOW INDEX FROM wateja. SQL Server ina sys.indexes, SQLite ina PRAGMA index_list. Oracle ina USER_INDEXES, tena na mtego wake: majina kwa kawaida huhifadhiwa kwa herufi kubwa, hivyo ukitafuta 'wateja' hupati kitu, kumbe zipo chini ya 'WATEJA'. Chanzo cha vurugu hii ni kwamba kiwango rasmi cha SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, hakizungumzii faharasa kabisa. Kinaeleza data na masharti yake. Namna ya kuifikia haraka kimewaachia watengenezaji, na kila mmoja akaja na lake.

Kwangu mimi, orodha ya majina haitoshi. Tazama mpangilio wa safu wima: faharasa inayoanza na ukoo kisha jina mara nyingi haimfai anayetafuta kwa jina pekee. Tazama pia idx_scan ndani ya pg_stat_user_indexes, ambako PostgreSQL huhesabu faharasa imetumika mara ngapi. Ikibaki sifuri kwa muda mrefu, hiyo inachelewesha uandishi wa data bure na inafaa kufutwa, isipokuwa kama kazi yake ni kuzuia thamani zisijirudie.