Moyo wa mgonjwa ndani ya kompyuta

Nikisema PhD yangu ni kutengeneza mioyo kwenye kompyuta watu wanadhani nachora katuni, kumbe ni hesabu, tena za mtu mmoja mmoja.

Chukua mtu aliyepata shambulio la moyo akapona. Kwenye msuli limebaki kovu, na kovu halipitishi umeme unaoudundisha moyo, ila kingo zake zina nyama iliyochanganyika, nusu hai nusu imekufa, inapitisha lakini polepole. Hapo ndo pabaya. Wimbi la umeme linajikokota kwenye hiyo njia, likichomoza upande wa pili linakuta msuli umeshapumzika, linauamsha tena, linazunguka linarudi lilikoanzia, na halikomi. Moyo unakwenda mbio bila kusukuma damu, mtu anaanguka.

Sa madaktari wanaamuaje nani awekewe kifaa cha kuushtua moyo? Sana sana kwa namba moja: chumba cha chini kushoto kikijaa damu, pigo moja linatoa asilimia ngapi. Ikiwa 35 kushuka chini unafikiriwa kifaa. Mi hiyo namba hainitoshi kabisa, maana haisemi kovu liko wapi wala lina umbo gani, na wengi wanaokufa ghafla walikuwa juu ya 35.

Kwa hiyo tunachukua picha za MRI (kipimo cha sumaku) zinazoonyesha kovu, tunajenga wavu wa vipande vidogo vidogo mamilioni, kila kimoja na milinganyo ya hesabu inayoeleza umeme wa seli (ukoo wake unaanzia kwa wanasayansi Hodgkin na Huxley 1952 na mshipa wa fahamu wa ngisi, alafu Denis Noble akaileta kwenye moyo 1960). Kisha moyo huo wa kompyuta tunaupiga umeme sehemu tofauti tofauti tuone kama mzunguko utajitokeza. Timu ya Natalia Trayanova pale chuo kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, ilifanya hivyo kwa wagonjwa 41, wakachapisha 2016, na ilibashiri nani yuko hatarini vizuri kuliko ile asilimia.

Kinachoninyima usingizi ni nyuzi za msuli. Umeme unakimbia zaidi kufuata nyuzi kuliko kuzikata, na picha ya kawaida ya hospitali haizionyeshi, inabidi tuzikadirie kwa kanuni. Niliwahi kukosea alama moja tu ya kutoa na kujumlisha, nyuzi zikalala kinyume, mzunguko hatari ukapotea wote na moyo ukaonekana salama. Tangu siku hiyo kila moyo nauendesha mara nyingi nikibadilisha nyuzi kidogo kidogo, na jibu likiyumba sipeleki kwa daktari.