Viti 54 kwa 54: je, hakuna aliyewapigia wengine?

Mwaka 2018, na tena 2022, chama cha Labour kilizoa viti vyote 54 vya udiwani Lewisham, kusini-mashariki mwa London. Wapo wanaoyasoma matokeo hayo na kukata shauri: basi huko wapinzani hawana wafuasi. Si kweli.

Kata nyingi za Lewisham huchagua madiwani watatu kwa mpigo. Mpiga kura ana kura tatu (akitaka hutumia moja tu), na wanaoongoza watatu ndio washindi. Chukulia kata moja ya kufikirika: wagombea wa chama A wapate kura 2,000, 1,950 na 1,900, wa chama B wapate 1,800 kila mmoja. B anarudi mikono mitupu. Mchezo huo ukijirudia kata hadi kata, maelfu ya kura hayazai hata diwani mmoja. Hakuna kugawana viti kwa asilimia.

Kwa hiyo tazama kura za kila kata, si viti peke yake. Na kama wewe ni Mkenya au Mtanzania unayeishi huko kihalali, nawe unaweza kupiga kura hiyo kama raia wa Jumuiya ya Madola, mradi umejiandikisha.