Nani aliingia bandani? Kuku, mbwa na paka wa nyumbani hapa Queensland, Australia

Simu ikilia saa kumi na mbili asubuhi siku ya Jumapili, kwangu mimi huwa ni msiba au kuku. Hii ilikuwa ya kuku. Mama mmoja Mkongomani, tunaishi mitaa miwili mbali hapa Logan, kusini mwa Brisbane, alinieleza kwa Kiswahili cha kwao Bukavu: "Ndugu, kuku yote imekufa. Ingine haina kichwa." Nilikuta mitetea saba chini, wawili hawana vichwa, na wa nane hayupo kabisa.

Mama alikuwa tayari na mshukiwa wake, na mshukiwa huyo alikuwa na miguu miwili. Mnyama akiua anakula, alisema. Anayeua saba na kuwaacha hapo hapo ni mtu mwenye kijicho.

Hoja ya mama ilikuwa na mantiki, ila haikumjua mbweha. Kabla ya kuhamia huku nilikuwa bwana mifugo Muheza, Tanzania, ambako wezi wa kuku tuliwajua kwa majina: kicheche, nguchiro, mwewe, kenge, na paka shume wa mtaa wa pili. Sasa nafanya kazi ya uuguzi katika kliniki ya wanyama, na Jumamosi natengeneza mabanda ya watu. Kitu cha kwanza nilichojifunza hapa ni kusoma alama kabla ya kununua chochote.

Ukikuta wengi wameuawa na mmoja au wawili wamebebwa, mbweha. Wote wameraruliwa, manyoya kila mahali, hakuna aliyeliwa: hapo ni mbwa, na mara nyingi ni mbwa wa jirani unayemsalimia kila asubuhi. Rundo la manyoya mahali pamoja mchana kweupe ni kozi au ndege mwingine wa jamii yake. Kuku mmoja akipotea usiku bila hata unyoya kuanguka, angalia juu, kwenye boriti: huenda chatu bado yumo humo, ameshiba, ameshindwa kutoka kwa tundu aliloingilia. Ukikuta kuku mzima amekufa na kichwa na shingo vimelowa ute, huyo pia ni chatu, alijaribu kummeza akaona mzigo umemzidi. Mayai tu yakiwa ndiyo yanapotea, washukiwa ni wengi: panya, kunguru, na yule kenge mkubwa wa miti ambaye Waaustralia humwita goanna.

Turudi kwa mbweha. Si mwenyeji wa nchi hii. Waingereza walimleta karne ya 19 ili wapate cha kukimbiza na farasi na mbwa wao kama walivyozoea kwao. Alianzia Victoria akaenea karibu bara zima, isipokuwa kaskazini ya mbali kwenye joto la tropiki. Anaishi mjini kama mpangaji: chini ya nyumba, kwenye mitaro, kando ya reli. Kwa nini aue saba? Porini ukikamata ndege mmoja wengine wanaruka. Bandani hawana pa kwenda, wanapiga kelele na kurukaruka mbele yake, na silika yake ya kuua haizimwi na shibe. Akipata nafasi hurudi kubeba mmoja mmoja na kuwafukia kwa ajili ya baadaye. Ndiyo maana nilimwambia mama: leo usiku atarudi. Alirudi. Tuliona nyayo zake asubuhi kwenye unga tuliounyunyiza mlangoni.

Kipindi kibaya zaidi ni kuanzia Agosti hadi Oktoba, mbweha jike akiwa na watoto shimoni. Wakati huo hangoji giza. Nimeshamwona saa nne asubuhi akivuka barabara na kitu cheupe mdomoni.

Sasa, banda la mama lilikuwa limejengwa kwa ule wavu wa kuku wenye matundu ya pembe sita. Karibu kila banda ninaloitwa kulitengeneza limejengwa kwa wavu huo. Ule wavu kazi yake ni kumzuia kuku asitoke. Mbweha anautafuna, mbwa anauvunja kwa kifua, panya anapita kama mlangoni kwake, na ukikaa miaka michache kwenye unyevu wa hapa unakatika kwa mkono. Tumia wavu wa waya zilizochomelewa, matundu yasizidi milimita 12. Ndiyo, ni ghali. Punguza ukubwa wa banda la kulala badala ya kupunguza ubora wa wavu: kuku wanahitaji nafasi kubwa mchana, usiku wanabanana kwenye vichanja kwa hiari yao.

Chini je? Watu wengi huchimba mtaro na kuzika wavu wima. Unafaa, lakini mgongo utakuuma bure. Mimi huulaza wavu chini, nje ya banda, upana wa sentimita 50 kuzunguka pande zote, nikaufunga na ukuta na kuufunika kwa udongo. Mbweha huchimba akiwa amegusa ukuta kwa pua. Akikwaruza anakutana na waya, anasogea pembeni, anakutana na waya tena. Kurudi nyuma nusu mita ndipo aanze kuchimba ni wazo ambalo kwa kawaida halimjii. Juu lazima pawe na paa au wavu, kwa sababu mbweha hupanda uzio kama paka, na kwa sababu ya kozi. Komeo la mlango liwe la kufunga kwa hatua mbili, lisiwe lile la kusukuma kwa pua.

Kuna milango inayojifunga yenyewe jua likizama, kwa betri na kihisi cha mwanga. Naipenda, lakini ninayo kesi: mtetea mmoja alichelewa kurudi, mlango ukamfungia nje. Na mara nyingine mlango unafungwa vizuri kabisa na mwizi yuko ndani. Hesabu kuku kwa macho yako.

Huyo mwizi wa ndani ni chatu, yule wa madoa kama zulia, na hapa Brisbane na Logan yuko kwenye dari za nyumba nyingi kuliko wenye nyumba wanavyojua. Hana sumu. Anafikia mita mbili na zaidi, na anapita penye upenyo ambao usingedhani. Wageni kutoka kwetu wanapomwona, mkono unaenda kwenye panga. Usifanye hivyo. Sheria ya Queensland ya mwaka 1992 ya kuhifadhi wanyamapori inawalinda nyoka wote wa asili, wenye sumu na wasio na sumu. Kumuua ni kosa, na zaidi ya hapo, watu wengi wanaogongwa na nyoka hapa huwa walikuwa wanajaribu kumuua au kumkamata. Kuna washika nyoka wenye leseni. Unapiga simu, anakuja na ndoano na mfuko, unalipa, anamwachia msituni karibu na hapo. Kenge naye analindwa. Mbweha halindwi, lakini sheria haikuruhusu kumfuga, kumlisha wala kumhamishia kwa wengine, na sumu ya 1080 inayotumika mashambani dhidi yake na mbwa wa porini hutolewa kwa wenye kibali tu. Mbwa wako akiila hiyo, hakuna dawa ya kuizima. Ukipita karibu na mashamba, soma vibao, na mbwa umfunge kamba.

Kwa hiyo usipoteze nguvu kuwinda. Hawa wote wanafuata kitu, na kitu chenyewe ni chakula ulichomwaga.

Mama alikuwa analisha kama kwao, na kama kwetu Muheza: pumba na nafaka zinamwagwa chini, kuku wanachakura. Kinachobaki jioni kinaliwa na panya usiku. Panya wakizoea, chatu anahamia darini. Nyuma yake, au kabla yake, anakuja nyoka wa kahawia wa mashariki, huyu ana sumu kali sana na chakula chake kikuu ni panya. Mbwa anamwona, anamrukia. Msururu wote huo umeanzia kwenye debe moja la nafaka. Weka chakula kwenye chombo cha pedali, kile ambacho kuku akikanyaga kibao mfuniko unainuka. Kuku wanajifunza kwa siku kadhaa, panya hana uzito wa kutosha kukishusha kibao. Akiba iwe kwenye pipa la bati lenye mfuniko. Mayai okota kabla ya magharibi.

Sumu ya panya ndiyo inayonikosesha usingizi kazini. Dukani kuna za aina nyingi, na zenye nguvu zaidi, mfano brodifakumu, hukaa kwenye ini la panya kwa miezi. Panya hafi siku hiyo hiyo. Anazubaa, analegea, anakamatwa na bundi, paka au mbwa, na sumu inaendelea na safari. Damu inakosa kuganda. Mbwa anaweza kuonekana mzima siku mbili tatu, kisha ufizi unakuwa mweupe na pumzi inakata. Vitamini K1 inaokoa ukiwahi. Ukija na pakiti yenyewe mkononi umenirahisishia nusu ya kazi. Lakini mtego wa kubana, ndani ya sanduku ambalo kuku hawezi kuingiza kichwa, hauna mzunguko huo.

Utitiri nitausema kwa kifupi, maana kila mfugaji wa Kiswahili anaujua. Mchana huuoni, umejificha kwenye nyufa za vichanja. Nenda saa tatu usiku na tochi na karatasi nyeupe, pangusa chini ya kichanja, na ukiona michirizi ya damu basi ndio huo. Kuku mwenye upanga wa kichwani uliopauka na asiyetaka kuingia bandani jioni anakueleza jambo. Majivu kwenye shimo la kuogea mavumbi ni sawa, ila banda lenyewe lisafishwe, na dawa iwe ile ambayo lebo inataja kuku wa mayai. Dawa ya mbwa yenye permethrini iwe mbali na paka: inaua paka.

Na kuku wakifa kadhaa bila jeraha lolote, kwetu tungesema kideri tukachinja waliobaki haraka haraka. Hapa usichinje, usimpe mtu nyama. Mwaka 2024 mafua ya ndege aina ya H7 yaliingia mashamba ya Victoria, New South Wales na hata Canberra. Kuna simu ya taifa ya magonjwa ya dharura ya mifugo, 1800 675 888, inapokelewa usiku na mchana.

Nije kwa mbwa na kupe, kwa sababu hapa ndipo ujuzi wetu wa nyumbani unatudanganya. Kwetu kupe ni josho na ndigana kali: kupe wengi, ng'ombe wengi, ugonjwa unaobebwa kwenye mate. Kupe wa kupooza wa pwani ya mashariki ya Australia hahitaji wingi. Mmoja tu anatosha kuua mbwa mkubwa, kwa sababu anachoingiza ni sumu. Huishi kwa wanyama wadogo wa porini kama bandikuti, na mbwa anampata kwenye majani. Siku tatu au nne baadaye sauti ya kubweka inabadilika, kama mtu mwenye mafua. Kisha miguu ya nyuma inalegea, anatapika, anapumua kwa shida. Watu wanamtoa kupe, wanashukuru Mungu, wanalala. Kosa! Hali huendelea kuwa mbaya hata baada ya kupe kutoka. Usimpe maji wala chakula, koo lake halimezi vizuri na vitaingia mapafuni. Mlete. Vidonge vya kinga vipo na vinafanya kazi, lakini mimi wa kwangu nampapasa kila jioni: kichwani, ndani ya masikio, shingoni chini ya ukosi, katikati ya vidole.

Chura wa miwa aliletwa kutoka Hawaii mwaka 1935 ale wadudu wa mashamba ya miwa. Wadudu hakuwamaliza. Sumu yake iko kwenye tezi nyuma ya kichwa, na mbwa wadogo wachokozi humuuma usiku wa mvua. Mbwa anatoka povu, ufizi mwekundu. Futa ufizi na ulimi kwa kitambaa kilicholowa, kisuuze, futa tena, dakika kumi nzima. Usimsukumie mpira wa maji kooni. Akitetemeka au kuyumba, kliniki.

Nyoka wa kahawia ana hila moja ambayo inaua mbwa wengi: mbwa anaanguka ghafla, halafu anainuka na kutikisa mkia. Mwenyewe anasema "alihemewa na jua." Kuanguka kule ndiyo dalili. Mbebe, asitembee, na usimtafute nyoka.

Paka na akae ndani usiku. Simbilisi pia: Queensland kufuga sungura nyumbani ni marufuku, kwa hiyo familia nyingi zina simbilisi, na kwa chatu kizimba cha simbilisi uani ni sahani yenye mfuniko mwepesi.

Banda la mama tulilimaliza kwa Jumamosi tatu, na ana mitetea kumi sasa. Mshika nyoka alikuja mara moja, akamtoa chatu darini akiwa na urefu wa mlango, mama akiangalia kutoka ndani ya gari vioo vimefungwa. Juzi amenipigia tena, safari hii saa mbili usiku. Panya wanakimbizana darini tangu wiki iliyopita, hawampi usingizi. Anauliza kama yule kijana anaweza kumrudisha.