Rafiki aliyekufa ghafla kwa mshipa wa ubongo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu aliyeonekana mzima akianguka na kufa kwa kupasukiwa na mshipa wa ubongo, maelezo hutangulia kaburi. Huyu atasema marehemu alikuwa na mawazo mengi, yule atasema alifanya kazi kupita kiasi, na mwingine atauliza nani alikuwa naye mara ya mwisho. Swali hilo la mwisho humwangukia rafiki. Yeye ndiye aliyekuwa akicheka na marehemu jana yake, au ndiye aliyepokea ujumbe wa "leo kichwa kinanigonga" akajibu "pole, kunywa maji upumzike." Dhana nyingi zinazomsumbua aliyefiwa hivi zinatokana na kutokujua kilichotokea ndani ya fuvu, kwa hiyo nitaanzia hapo.

"Jana alikuwa mzima kabisa, ugonjwa gani huo?"

Alikuwa mgonjwa bila kujua. Ateri zinazopeleka damu kwenye ubongo hugawanyika matawi chini yake, na penye njia panda hizo ukuta wa mshipa unaweza kudhoofika na kututumka, kama mpira wa ndani wa baiskeli unavyotoa nundu pale ulipochakaa. Madaktari huita hali hiyo aneurizimu. Si saratani. Karibu watu wazima 3 kati ya 100 wanayo, na wengi wao watazeeka na kufa kwa mambo mengine bila kuijua, kwa sababu ikiwa ndogo kwa kawaida haiumi wala haizuii mtu kukimbia, kuimba au kubeba mtoto. Ikipasuka, damu humwagika kwenye nafasi inayouzunguka ubongo na msukumo ndani ya fuvu hupanda kwa sekunde chache. Ndiyo maana wengine hupoteza fahamu katikati ya sentensi. Ghafla ni kupasuka tu. Udhaifu wenyewe huwa na umri wa miaka.

"Tuligombana asubuhi ile. Mimi ndiye niliyempandisha presha."

Hili ndilo linalowala watu usiku, na halizungumzwi hadharani. Kuna ukweli mdogo ndani yake, na ukweli mdogo ndio unaotesa zaidi ya uongo mtupu: presha ikipanda kwa muda, mshipa uliokwisha dhoofika unaweza kupasuka. Lakini tazama mambo ambayo watafiti wa Uholanzi waliyaorodhesha mwaka 2011 kuwa yanaweza kutangulia kupasuka huko. Hasira zimo, ndiyo. Zimo pia kahawa, mazoezi mazito, tendo la ndoa, kushtuka, kujikamua chooni na kupenga kamasi. Hayo ni maisha ya kila siku ya kila mtu. Mshipa uliokuwa tayari kuachia ungeweza kuachia kwa kikombe cha kahawa, na wengine hupasukiwa wakiwa usingizini.

Kinachouchosha ukuta wa mshipa ni mambo ya muda mrefu: shinikizo la damu lisilotibiwa, sigara, pombe nyingi, kokeini, na kwa baadhi ya watu urithi wa familia. Ugomvi wa dakika kumi haumo. Unaweza kujutia ulichosema. Majuto hayo ni ya haki na yana nafasi yake. Usiyageuze kuwa hati ya kifo.

"Ningemlazimisha aende hospitali angepona."

Labda, na labda hapana. Sipendi jibu linalosema kwa haraka kwamba hakuna kingeweza kufanyika, kwa sababu aliyefiwa hulitambua kuwa ni la kumnyamazisha. Ni kweli baadhi ya wagonjwa hupata maumivu makali ya kichwa siku au wiki chache kabla, pale damu kidogo inapovuja. Ila kichwa huuma watu wengi kila siku, na hata wahudumu wa afya wenye uzoefu wamewahi kumrudisha nyumbani mgonjwa wa namna hiyo na dawa za maumivu. Kumtaka rafiki aone ambacho mtaalamu naye anaweza kukikosa ni kumdai asichokuwa nacho.

Kufika hospitali nako hakuhakikishi chochote. Zaidi ya mtu 1 kati ya 10 hufa kabla ya kufika, na wengi wengine hufa katika wiki zinazofuata wakiwa mikononi mwa madaktari. Ukubwa wa uvujaji wa kwanza huamua mengi. Joe Biden alipasukiwa mwaka 1988 akapasuliwa na kuishi. Mwigizaji Emilia Clarke alivuja damu mwaka 2011 akiwa na miaka 24, akiwa kwenye mazoezi, naye akapona. Hawakupona kwa sababu walipendwa kuliko rafiki yako, wala kwa sababu marafiki zao walikuwa makini kuliko wewe.

Kwa walio hai, maarifa haya yana kazi. Maumivu ya kichwa yanayofika kileleni ndani ya dakika moja hivi, ambayo mwenyewe anasema hajawahi kuyapata maishani, ni dharura. Vivyo hivyo yakija na shingo kukakamaa, kutapika, degedege, kope moja kushuka, kuona vitu viwili viwili au kuzimia. Mtu huyo asisubirishwe dawa ifanye kazi. Kipimo cha CT scan, yaani picha za ndani ya kichwa, huonyesha damu vizuri zaidi katika saa 6 za kwanza; baada ya hapo daktari anaweza kuhitaji pia kupima maji ya uti wa mgongo.

"Familia ilimuua kwa kukubali mashine izimwe."

Rafiki aliyekuja kuaga hukuta kifua kinapanda na kushuka, mkono una joto, moyo unapiga kwenye skrini. Kesho anaambiwa mashine ya kumpumulisha imezimwa. Ni rahisi sana kuamini kwamba mtu aliye hai ameachwa afe, na nimeona urafiki na ndugu wa marehemu ukivunjika kwa hilo.

Kinachozungumziwa hapa ni kifo cha ubongo, nacho si koma. Aliye kwenye koma ana ubongo unaofanya kazi kwa kiasi fulani na anaweza kurudi. Ubongo ukifa, hata shina lake linaloamuru pumzi limekoma moja kwa moja. Madaktari hupima hatua kwa hatua: mboni hazishtuki kwa mwanga, koo halikohoi likiguswa, na mashine ikisitishwa kwa muda chini ya uangalizi hakuna pumzi inayojaribiwa. Kifua kilipanda kwa sababu mashine ilisukuma hewa. Moyo ulipiga kwa sababu una mdundo wake wenyewe na unaendelea kwa muda ukipata oksijeni. Katika nchi nyingi sheria inahesabu hicho kuwa kifo, na saa ya kifo ni ile vipimo vilipokamilika. Mashine ilizimwa baada yake.

"Wewe ulikuwa rafiki tu."

Neno "tu" hapo lina ukatili wake. Rafiki haitwi kwenye chumba cha daktari, hapewi likizo ya msiba kazini, na watu wakipanga foleni ya kutoa pole hupita mbele yake kwenda kwa wengine. Mara nyingi yeye ndiye anayepiga simu, anayeandika tanzia, anayekusanya michango; kisha mazishi yakiisha hakuna anayemuuliza amelalaje. Mtaalamu wa Marekani Kenneth Doka aliandika kuhusu huzuni ya aina hii, isiyotambuliwa na jamii, mwaka 1989. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia maelfu ya watu, uliona kwamba kifo cha rafiki wa karibu huweza kudhuru afya ya mwili, ya akili na maisha ya kijamii hadi miaka 4.

Ukitaka kujua kilichotokea hospitalini, mtafute ndugu mmoja mnayeelewana, baada ya siku kadhaa, umuulize kama yuko tayari kueleza. Akisema hapana, mwache.

"Huzuni ina hatua tano, nami nimeshapita hasira."

Daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alizitaja hatua hizo (kukana, hasira, kujadiliana, sonona na kukubali) mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wao wenyewe. Hazikutokana na waliofiwa, seuze waliofiwa ghafla. Maelezo yanayokaribia zaidi ninayoyaona kwa watu ni ya watafiti Margaret Stroebe na Henk Schut, ya mwaka 1999: aliyefiwa huyumba kati ya kuukabili msiba na kushughulikia maisha, mara huku mara kule, pengine ndani ya saa moja. Kucheka leo na kulia dukani kesho si kurudi nyuma.

"Nimesikia sauti yake. Naanza kuchanganyikiwa."

La. Mwaka 1971 daktari Dewi Rees aliripoti kwamba karibu nusu ya wajane na wagane aliowahoji huko Wales waliwahi kuhisi uwepo wa marehemu, kumwona au kumsikia. Wengi hawakuwa wamemwambia mtu. Kuanza kumpigia simu kabla hujakumbuka kwamba amekufa ni jambo la aina hiyo hiyo. Namba yake si lazima uifute.

"Na mimi kichwa kinauma, basi ninayo aneurizimu."

Kulia sana na kutolala huumiza kichwa. Urafiki haurithishi mishipa. Wanaofaa kuzungumza na daktari kuhusu kupimwa ni ndugu wa damu, hasa familia ikiwa na wagonjwa wawili au zaidi, na watu wenye ugonjwa wa kurithi wa figo unaojaza vifuko vya maji. Wewe kapime presha, na kama unavuta sigara, acha.

"Muda utaponya, subiri."

Kwa wengi makali hupungua bila tiba yoyote. Kwa wachache hayapungui: miezi inapita na mtu bado hawezi kufanya kazi, hawezi kuamini, kila siku anarudia dakika zile. Shirika la Afya Duniani huitambua hali hiyo kuwa ugonjwa ikizidi miezi 6 na kuvuka desturi za jamii ya mhusika. Madaktari wa akili wa Marekani huhesabu mwaka 1 kwa watu wazima. Ina tiba ya mazungumzo iliyotengenezwa mahususi. Mawazo ya kutaka kumfuata marehemu hayasubiri muda wowote kati ya hiyo. Tafuta msaada siku hiyo hiyo.

"Watoto waambiwe amelala."

Mtoto akiambiwa hivyo ataogopa kitanda. Akiambiwa "kichwa kilimuuma akafa", ataogopa kila mafua. Mwambie amekufa, kwamba mshipa ndani ya kichwa chake ulipasuka, kwamba jambo hilo hutokea kwa nadra, na kwamba kichwa kinachomuuma yeye akiwa na homa au njaa ni kitu kingine kabisa. Atauliza tena kesho, kwa maneno yale yale. Jibu kwa maneno yale yale.