Mashine ikikataa kusoma, haina maana kompyuta ya gari imekufa

Wenye magari ya Kijapani ya miaka ya 1990 huambiwa hivi gereji: mashine ya kupima hitilafu imekataa kusoma, kompyuta ya gari imekufa, nunua nyingine. Inaniuma, maana mara nyingi si kweli. Mfumo wa OBD-II, yaani utaratibu mmoja wa mashine kusoma hitilafu kutoka kompyuta ya gari, ulilazimishwa Marekani kuanzia magari ya 1996. Gari la soko la Japani halikufungwa na sheria hiyo. Linaweza hata kuwa na tundu la pini 16 na bado lisielewane na kile kifaa cha bei nafuu cha kuunganisha na laptopu.

Chukua Corolla ya 1995. Fungua boneti, tafuta kijisanduku cha plastiki kilichoandikwa DIAGNOSIS. Soma herufi chini ya kifuniko, kwa makini, usikosee tundu. Unganisha TE1 na E1 kwa waya mfupi, fungua swichi bila kupiga stata, kisha tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikimweka mara mbili, ikatulia kidogo, ikamweka tena mara mbili, kompyuta hiyo hiyo iliyodaiwa kufa inakutajia kodi (namba ya hitilafu) 22: saketi ya sensa ya joto la maji. Saketi nzima, si lazima sensa. Kagua waya na plagi yake kabla hujanunua chochote.