Ramani ya hitilafu za mvutano: namna inavyosoma miamba iliyofukiwa

Mvutano wa dunia haulingani kila mahali. Juu ya miamba mizito huzidi kidogo, juu ya mashapo mepesi hupungua. Hitilafu ya mvutano ni tofauti kati ya kipimo cha mahali fulani na thamani inayotarajiwa pale kwa hesabu. Hupimwa kwa miligali, kizio kidogo cha mvutano. Mvutano mzima ni takriban miligali 980,000, ilhali hitilafu inayotafutwa mara nyingi haizidi makumi machache.

Ndiyo maana kazi kubwa ni kuondoa kila kisichohusu miamba. Springi ya gravimita, yaani kifaa cha kupimia mvutano, hubadilika polepole, hivyo mpimaji hurudi kituo cha msingi kila baada ya saa chache na kusoma upya. Huondolewa pia mvuto wa mwezi na jua, na athari ya latitudo: ncha za dunia huizidi ikweta kwa miligali 5,200 hivi.

Mwinuko ndio huharibu ramani nyingi. Kila mita unayopanda hupunguza miligali 0.309, na mwamba ulio chini yako hadi usawa wa bahari hurudisha 0.112, ukiwa na densiti (uzito kwa ujazo) ya gramu 2.67 kwa sentimita ya ujazo. Ukikosea mwinuko kwa mita 5, umezalisha miligali 1 ya uongo. GPS ya simu haifai hapa. Penye milima sahihisha umbo la ardhi pia. Kilima kilicho kando yako hupunguza kipimo, na bonde vilevile. Kinachopatikana mwishoni huitwa hitilafu ya Bouguer.

Kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya ramani huonyesha hitilafu hasi pana, kwa kuwa chini kabisa kuna miamba yenye joto kali iliyo myepesi. Ndani yake, katikati ya bonde, hupita ukanda mwembamba ambao mvutano wake umepanda, unaofasiriwa kuwa magma nzito iliyopenya na kuganda. Usipoitenganisha ile pana kwanza, ukanda huo hufichika.

Kontua, mistari inayounganisha sehemu zenye thamani sawa, zikibanana mara nyingi huashiria mpasuko. Kina ndicho kigumu. Mashapo yaliyo mepesi kuliko mwamba wa msingi kwa gramu 0.3 kwa sentimita ya ujazo hushusha takriban miligali 12.6 kwa kila kilomita ya unene, kwa hiyo hasi 25 ni kilomita 2. Tofauti ikiwa gramu 0.2, hasi 25 hiyohiyo inakuwa kilomita 3. Ramani peke yake haiwezi kuamua; pima densiti ya sampuli za kisima, au linganisha na vipimo vya mawimbi ya mtetemo.